Alinyanyua Pikapu ya Bi Mkubwa kwa Hela ya Mahari: Kisa cha Kijana wa Mabatini

Pale Mabatini, ukitaja "ile Hilux nyeupe" hakuna anayekuuliza ipi. Nyumba nyingi za mtaa huo zimepanda mlima katikati ya mawe, magari hayafiki mlangoni. Yanalala chini karibu na barabara ya Nyerere na kila mtu anajua lipi ni la nani. Hilux nyeupe ni ya mama mmoja muuza dagaa. Anayeiendesha ni mwanawe wa pili, kijana wa miaka 26, mpole, msafi, mtu wa kupiga picha.

Historia ya gari hilo inajulikana mtaa mzima. Bi mkubwa alianza na beseni moja la dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Akaingia kwenye kikoba, akakopa, akalipa, akakopa tena, mpaka akaipata hiyo Hilux Vigo ikiwa tayari imeshatumika. Jumatatu mpaka Ijumaa inabeba magunia ya dagaa kupeleka Igoma, Kisesa na Magu. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, kuna siku inavuka mpaka upande wa Sengerema bila kusubiri kivuko. Jumamosi inageuka gari la harusi: watu wa matarumbeta wanapanda nyuma, mpiga video anashikilia bomba, msafara unazunguka mji. Jioni kijana anampa mama hesabu. Ndiyo maisha yao.

Tatizo lilianzia kwenye pua ya gari.

Pikapu ikiwa tupu, ukiitazama kwa ubavuni, utaona mbele iko chini kidogo kuliko nyuma. Wengi hawaoni, ila ukishaoneshwa mara moja, huachi kuona. Huyu kijana alioneshwa na washikaji wake kijiweni. "Mwana, gari yako imeinama kama inaokota sarafu," mmoja akasema, wote wakacheka. Na yeye akacheka, ila usiku akaingia TikTok.

TikTok bwana ikishajua unachokitaka, haikuachi. Zikaanza kumjia pikapu za Dar, za Arusha, za Afrika Kusini, zote zimesimama sawasawa, pua juu, tairi nene zimejaa mpaka zinagusa madigadi. Wiki mbili nzima anaangalia hizo tu. Kila asubuhi akishuka mlimani kwenda kuwasha gari, anaiona inaokota sarafu.

Akaenda kwa fundi wa kwanza, mzee mmoja upande wa Nyakato ambaye amekuwa akiitengeneza gari hiyo tangu mama ainunue. Wakasalimiana, akaeleza shida yake: anataka anyanyue mbele ilingane na nyuma, halafu aweke tairi kubwa.

Mzee akaliangalia gari, akamwangalia kijana. "Mwanangu, hii gari haijainama. Inasubiri mzigo."

Akamfafanulia. Waliotengeneza pikapu walijua nyuma itawekwa karibu tani moja. Ukiweka magunia, springi za nyuma zinalala na gari linakaa sawa. Ukiinyanyua mbele, itapendeza ikiwa tupu. Ukiipakia, itakaa kama mbwa aliyekalia mkia. "Wewe unabeba dagaa siku tano kwa wiki. Unataka ipendeze siku ngapi?"

Kijana akasema, "Sawa mzee, nitafikiria." Msomaji unajua maana ya hiyo "nitafikiria". Kesho yake alikuwa kwa fundi mwingine, kijana mwenzake, ambaye jibu lake lilikuwa fupi: "Inawezekana kaka. Leta hela."

Na hapo kwenye hela ndipo penyewe.

Kijana ana mchumba, fundi cherehani mwenye kibanda chake Mlango Mmoja. Wamekuwa pamoja miaka mitatu. Desemba washenga walitakiwa kwenda Magu kwa wazazi wa binti wakiwa na sehemu ya kwanza ya mahari, milioni 4. Wawili hao walikuwa na utaratibu mzuri tu: binti anaweka hela ya maandalizi yake, kijana anaweka ya mahari, na kila mwisho wa mwezi wanaambiana wamefikia wapi. Hawaoneshani salio. Wanaambiana kwa mdomo, kwa kuaminiana.

Mwezi wa nane kijana alikuwa na milioni 3 na laki 1. Tairi nne mpya pamoja na spesa na ufundi zilikula milioni 2 na laki 8. Mwisho wa mwezi binti alipouliza, akajibiwa, "Tuko kwenye tatu na kitu."

Tusimsulubu haraka. Kijana alikuwa na hesabu zake na hazikuwa za kipuuzi. Harusi za Mwanza msimu wa mwisho wa mwaka ni nyingi, na watu wa kamati wanachagua gari la matarumbeta kwa macho. Gari likiwa kali, bei inapanda. Alipiga hesabu kwamba Jumamosi kumi tu zitarudisha hela yote, mahari itakuwepo, na tairi atabaki nazo. Kuna wangapi wamewahi kutoboa kwa hesabu kama hizo? Wapo.

Kazi ikafanyika siku moja. Fundi alipiga jeki, akatoa tairi za mbele, akashusha shokapu na springi zake, akaweka juu yake spesa za chuma zenye unene wa milimita 25. Kwa jinsi mikono ya mbele ya gari hilo ilivyokaa, spesa ya milimita 25 inanyanyua pua karibu mara mbili yake, yaani kama sentimita 5. Halafu zikaja tairi. Za mwanzo zilikuwa 265/65 za rimu 17. Mpya zikawa 285/70 za rimu ileile. Urefu wa tairi toka chini mpaka juu ukatoka kama milimita 776 kwenda 831. Nusu ya tofauti hiyo, milimita 27, ndiyo inayoinua gari lote. Jumlisha na spesa: pua imepanda karibu sentimita 8.

Walipokata usukani mpaka mwisho, tairi zikagusa. Fundi akakata plastiki ya ndani ya madigadi, akapigapiga ukingo wa bati kwa nyundo. "Na alaimenti?" kijana akauliza. "Utapima baadaye kaka, zitulie kwanza." Tairi ya spea ikabaki ileile ndogo ya zamani. Hakuna aliyeiwaza.

Jioni ile picha ikapigwa kando ya ziwa, Jiwe la Bismarck likionekana nyuma, jua linazama. Usipime. Likes zikamwagika. Wiki iliyofuata watu watatu wakaulizia gari la harusi, na wawili wakalipia. Kwa hiyo wale waliosema "hana akili" wakanyamaza kidogo.

Wa kwanza kupata shida alikuwa mama. Ana magoti mabovu, miaka yote ya kuinama kwenye dagaa imeshamkaa miguuni. Alfajiri ya kwanza ya kwenda Mwaloni alifungua mlango, akanyanyua mguu, ukagoma. Akajaribu mwingine. Akasimama pale barabarani, ameshika mlango wa gari lake mwenyewe, akauliza kwa sauti ya chini, "Sasa mimi naingiaje, baba?"

Kijana akakimbia dukani, akaazima kreti tupu la soda. Kuanzia siku hiyo kreti likawa linasafiri nyuma pamoja na magunia. Mama hakugomba. Anakanyaga kreti, anaingia, kijana analirudisha nyuma, safari. Watu wa Mwaloni walimtania, "Mama siku hizi unapanda ndege?" naye akacheka nao. Ila hakumwambia mtu kwamba gari ni zuri.

Wa pili ikawa tochi. Tairi ikiwa kubwa, kila ikizunguka mara moja inameza barabara ndefu zaidi, lakini dashibodi bado inahesabu kwa tairi ya zamani. Kwa tairi zile tofauti ni kama asilimia 7. Ukisoma 50, ukweli ni 53 na nusu. Ukisoma 100, uko 107. Tochi ya trafiki haisomi dashibodi yako. Kijana alisimamishwa sehemu ya 50 akiapa kwamba hakuzidisha, na kwa macho yake alikuwa anasema kweli. Elfu 30 ikaondoka.

Wa tatu ni tairi zenyewe. Alaimenti ya "baadaye" haikupimwa. Ndani ya miezi miwili tairi za mbele zikaanza kulika upande wa ndani, upande ambao huuoni ukiwa umesimama unapiga picha. Usukani ukawa unatangatanga. Kisha raba la sivii jointi upande wa kushoto likapasuka, kwa sababu shafti sasa ilikuwa imepinda pembe kali kuliko ilivyozoea, na grisi ikatapakaa ndani ya rimu. Zile hela za harusi mbili zikaanza kurudi gereji.

Halafu ikaja Instagram. Jamaa mmoja wa Shinyanga aliandika chini ya picha, "Mwamba, hizo tairi umechukua kwa ngapi?" Kijana, kwa furaha tu, akajibu: "Seti nzima na kunyanyua, 2.8." Saa mbili baadaye binti wa Mlango Mmoja alimtumia picha ya hilo jibu WhatsApp. Hakuandika kitu. Asubuhi ndipo ukaja ujumbe mmoja: "Kwa hiyo Desemba washenga wanaenda Magu na tairi?"

Akapiga simu, haikupokelewa. Akaenda kibandani, akakuta binti anashona huku ana wateja wawili. Akasubiri. Wateja walipoondoka binti akamwambia, bila kunyanyua macho kwenye kitambaa, "Ungeniambia unataka tairi ningekubishia. Pengine ningekubali. Lakini uliniambia tatu na kitu." Kisha akaendelea kushona. Kijana hakuwa na jibu, maana hapo hapakuwa na la kujibu.

Unaweza kudhani hapo ndipo alipokata shauri la kurudisha gari lilivyokuwa. Hapana. Alikasirika, akasema wanawake hawaelewi biashara, akaendelea kuchukua oda za harusi.

Kilichomrudisha ni alfajiri moja ya mwezi wa kumi, saa kumi na moja kasoro, giza bado. Magunia yamejaa, anatoka Igoma kuelekea Kisesa. Mzigo umelaza nyuma, pua imepanda. Mbele yake inakuja bodaboda, ndoo mbili zimefungwa nyuma. Bodaboda akawasha taa kubwa na kuzima, ishara ya kumwambia shusha taa. Kijana akaangalia, taa zake tayari alikuwa ameshusha. Bodaboda akawasha tena. Halafu akapotea. Hakukuwa na mgongano. Alitoka tu kwenye lami akaingia mtaroni.

Kijana alisimama, akarudi mbio. Yule jamaa alikuwa hai, amekaa kwenye nyasi, goti limechanika, mkono ameukumbatia, ndoo zimemwagika. Hakutukana. Alisema, "Kaka, sikuona barabara. Taa zako zinaangalia mbinguni."

Kijana akageuka. Tangu anyanyue gari alikuwa amelipiga picha zisizo na idadi, zote likiwa tupu, zote mchana. Ilikuwa mara ya kwanza analiona kwa mbele, usiku, likiwa na mzigo. Ilibidi akinge macho kwa mkono.

Hesabu yake ni ndogo, mtoto wa shule anaiweza. Kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ya gari lile kuna kama mita 3. Ukipandisha mbele sentimita 5, kila mita 3 mwanga unapanda sentimita 5. Kwa mtu aliye mita 25 mbele yako umepanda kama sentimita 40. Mita 50, ni 80. Hapo hujaweka gunia hata moja. Taa iliyokuwa inaangaza lami sasa inaangaza uso wa mtu. Na kinachouma ni kwamba kurekebisha taa ni skrubu tu na ukuta wa kupimia. Tena magari mengi ya aina hiyo yana kitufe kidogo karibu na usukani cha kushusha mwanga ukiwa umebeba mzigo. Hakuna aliyemwambia, na yeye hakuuliza. Kwenye TikTok pikapu hazibebi dagaa.

Alimpeleka jamaa zahanati kwa gari lilelile. Mkono ulikuwa umeteguka, haukuvunjika. Matibabu na wiki tatu za kukaa bila kazi, kijana alilipa kwa awamu kutoka kwenye hesabu yake. Mama alipoambiwa alikaa kimya kwa muda, kisha akauliza swali moja: "Ana watoto?" Anao wawili.

Mwisho wa wiki kijana alirudi kwa mzee wa Nyakato, amejiandaa kwa matusi. Mzee aliitikia salamu, akazunguka gari mara moja, akaingiza mkono nyuma ya tairi ya mbele kupima ilivyolika. "Tunaitoa au tunaipunguza?" akauliza, kama mtu anayeuliza chai au kahawa.

Mzee, ili tusimsingizie, hakuwa adui wa kunyanyua magari. Alimwambia wazi: gari la kupeleka watalii Serengeti kupitia geti la Ndabaka, lile tope la masika linahitaji tairi kubwa. Anayeingia machimboni Geita kila siku, naye anahitaji. Mtu wa mjini mwenye kutaka gari lijae kidogo anaweza kuweka 265/70. Kwa kawaida zinaingia kwenye Vigo bila kukata chochote, na dashibodi inadanganya kama asilimia 3 tu. Lakini ukibadilisha chochote mbele, siku hiyohiyo unapima alaimenti, unashusha taa, na spea unabadilisha iwe saizi moja na wenzake. "Na lile la kubeba mzigo," akamalizia, "liache liiname."

Spesa zikatolewa, raba likabadilishwa, taa zikapimwa mbele ya ukuta wa gereji magunia yakiwa nyuma. Tairi zikauzwa kwa jamaa mwenye kazi za machimboni kwa milioni 1 na laki 5, tayari zimelika. Za zamani zikarudi. Picha ya Jiwe la Bismarck bado ipo kwenye ukurasa wake, hajaifuta.

Kwa binti, kijana alienda na simu. Hakuenda na maua wala zawadi, na hakuanza na maelezo. Alifungua salio akaliweka juu ya cherehani. Ilikuwa milioni 1 na laki 6. Binti akaliangalia muda mrefu, akasema, "Angalau hii ni namba ya kweli." Desemba washenga walienda Magu na pungufu, wakaomba muda, na wazee wa kule, ambao wameshaona mengi, wakakubali mahari ije kwa awamu. Sharti la binti lilikuwa moja: kuanzia sasa hakuna kuambiana kwa mdomo. Kila mwisho wa mwezi simu mbili zinawekwa mezani.

Mabatini mpaka leo wamegawanyika. Wapo wanaosema kosa halikuwa tairi, kosa ni kugusa gari ambalo ni jasho la mama bila kumuuliza. Wapo wanaosema kijana ana haki ya kupendeza, na kama alaimenti na taa vingefanywa siku ya kwanza, kisa hiki kisingekuwepo. Na wapo wanawake wa Mlango Mmoja wanaosema mambo yote hayo ni porojo: mwanaume aliyedanganya salio mara moja ataliangalia tena jicho likimzidi.

Binti mwenyewe anashona gauni lake taratibu, kila jioni kidogo. Ungekuwa wewe ni yeye, baada ya ile "tatu na kitu", ungeendelea kushona?